Uwanja wa Ndege Uliokuwa Maji: Kisumu na Njia ya Vita

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi iliyopita mbele ya wapenzi wa historia ya mji wa Kisumu. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia kuliona ziwa hili, mama zetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Nilipoombwa kuzungumza juu ya kiwanja cha ndege cha zamani cha wakati wa vita, mwandalizi wa mkutano huu aliniuliza kama baada ya mazungumzo ningeweza kuwapeleka watu wakakione. Nilimjibu kwamba nitawapeleka, lakini tutaishia ufukweni. Wenzetu wa Nakuru na Nanyuki, ambako Jeshi la Anga la Uingereza liliweka vikosi vya kufundishia marubani wa ndege za mabomu, walau wana ardhi ya kuonyesha kwa kidole. Sisi hatuna lami iliyopasuka, hatuna mnara uliobomoka, hatuna hata nguzo iliyoinama. Kiwanja ninachokizungumzia leo kilikuwa maji. Ndege zilitua juu ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, zikafungwa kwenye maboya kama mitumbwi, zikajazwa petroli, zikaondoka, na mawimbi yakafuta njia yao kabla hazijapotea machoni.

Niwaulize: ni wangapi humu ndani waliosoma shuleni kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia barua za kutoka Afrika Kusini kwenda Misri, India na hata Australia zilipita hapa Kisumu? Nyosheni mikono. Naona mikono minne, na miwili kati yake ni ya walimu wa historia. Basi ndiyo sababu nimekuja.

Mwanzo wake nitaupitia haraka. Reli ilifika hapa Desemba 1901, na kwa karibu miaka 30 kila kilichotoka Ulaya kuja Kisumu kilipanda meli hadi Mombasa, kikapanda gari moshi, kikateremka gatini. Mwaka 1927 rubani Mwingereza aliyeitwa Gladstone alijaribu kuanzisha safari za barua kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege zilizofungwa vyombo vya kuelea mahali pa magurudumu. Ajali zikamwandama na jaribio hilo likaachwa. Miaka 4 baadaye kampuni ya Imperial Airways ilifaulu. Safari yake ya kwanza ya njia ya Afrika iliondoka London tarehe 28 Februari 1931, na mwisho wake ulikuwa Mwanza. Sehemu ya kutoka Khartoum kuja kwetu ilifanywa na Short Calcutta, ndege ya injini 3 yenye bawa juu ya bawa, ambayo tumbo lake lilikuwa mashua kamili. Njia hiyo iliporefushwa hadi Cape Town mwezi Januari 1932, Kisumu ikawa mahali pa kubadilishia: ndege ya majini ilikoma hapa, na ndege ya magurudumu ikapokea mzigo kuupeleka kusini. Kwa hiyo mji wetu ulijua ndege za aina zote mbili mapema kuliko miji mingi mikubwa ya bara hili.

Mabadiliko makubwa yalikuja Juni 1937. Kuanzia mwezi huo ndege ya majini iliweza kutoka Southampton, kusini mwa Uingereza, ikafika Durban bila abiria kubadilisha chombo. Ndege hizo mpya za Short zilikuwa na injini 4, mabawa yenye upana wa karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, na sakafu mbili, marubani na barua juu, abiria chini. Kila moja ilipewa jina linaloanza kwa herufi C: Canopus, Caledonia, Cambria, Centaurus, Corsair. Nawaomba mlishike hilo jina la mwisho, kwa maana nitalirudia.

Sasa nivumilieni nieleze jambo ambalo vitabu vingi vinalipita juu juu. Kwa nini maji? Jibu ni kwamba ndege nzito huhitaji masafa marefu ya kukimbilia kabla haijainuka, na katika miaka ya 1930 hapakuwa na njia ndefu za zege katika sehemu kubwa ya Afrika. Kujenga moja kungegharimu fedha nyingi. Kujenga kumi na tano kutoka Misri hadi Natal kungegharimu nyingi mno. Lakini mto Naili ulikuwapo, ziwa lilikuwapo, bahari ilikuwapo. Ghuba yetu ya Winam, iliyokingwa na nchi kavu pande zote isipokuwa mlango wake wa magharibi, ilikuwa kiwanja ambacho hakuna mtu aliyekichimba.

Hata hivyo, nawaomba msidhani kwamba kiwanja hicho kilikuwa cha bure. Maji yanataka kazi kila siku. Kabla ya ndege kutua, motaboti ilibidi ipite njia nzima kutazama kama kuna gogo, kisiwa cha mafunjo kilichong'oka, mtumbwi au kiboko. Tumbo la ndege lilikuwa la bati jembamba la aluminiamu, na gogo dogo linaloelea nusu chini ya maji lilitosha kulipasua. Maji yakichafuka sana, mawimbi huipiga ndege hadi iumie. Lakini, na hapa ndipo wengi hushangaa, maji yakitulia sana pia ni hatari. Ziwa likiwa kama kioo, rubani anayeshuka hawezi kukadiria yuko juu kiasi gani, kwa sababu jicho halina pa kushika. Na anayetaka kuruka huona maji yametulia yakiling'ang'ania tumbo la ndege, yakikataa kuliachilia. Dawa yake ilikuwa kuituma motaboti ikimbie mbele na kuzunguka, ili itie viwimbi juu ya uso wa maji, ndege ipate kujinasua.

Ongezeni juu ya hayo kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, injini hupata pumzi ndogo, mabawa hupata egemeo dogo, na kwa hiyo ndege ileile yenye mzigo uleule hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Ninyi mlioishi hapa mnajua tabia ya anga yetu: asubuhi ziwa limelala, mchana upepo unaanza kuingia kutoka magharibi, na alasiri mawingu yanapanda kuelekea Nandi na Kericho yakiwa meusi na yenye radi. Ndiyo maana asubuhi ilipendwa na marubani kama inavyopendwa na wavuvi. Wote wawili walisoma kitabu kimoja.

Na hapo ndipo walipogongana.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja magharibi ya mji, na nilizoea kushuka Usoma jioni kununua samaki. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu pale, ambaye sasa ameshatutoka, alinisimulia kwamba alipokuwa mvulana alikwenda ziwani na baba yake alfajiri, na mara nyingi walisikia mlio wa motaboti kabla ya kuiona. Ikija na bendera, maana yake ilikuwa moja tu: ondoeni nyavu, ondokeni njiani, ndege inakuja. Wakati mwingine muda ulitosha, wakati mwingine haukutosha. Siku moja nyavu za baba yake zilizongwa na propela ya motaboti ile, zikakatika vipande ambavyo havikufaa hata kushonwa, na familia ilikaa wiki nyingi ikivua kwa ndoana. Mzee huyo hakusimulia kwa hasira. Alisema tu kwamba ndege ile ilikuwa na barabara yake, na barabara hiyo ilikuwa shamba la baba yake. Mimi nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30 na sijapata sentensi inayoeleza viwanja vya ndege vya wakoloni vizuri kuliko hiyo.

Nirudi sasa kwa Corsair. Tarehe 14 Machi 1939 ndege hiyo ilikuwa ikitoka Durban kuelekea Southampton. Iliondoka Port Bell, ng'ambo ya ziwa letu upande wa Uganda, ikielekea Juba. Kifaa chake cha kutafutia mwelekeo kiliipotosha, ikajikuta juu ya misitu ya Kongo ya Wabelgiji, petroli ikipungua. Rubani aliuona mto mwembamba, Dungu, karibu na Faradje, akashusha ndege ya mabawa ya mita 35 juu ya mto huo. Jiwe likatoboa tumbo. Hakuna aliyekufa.

Je, mngefanya nini na ndege kubwa kama nyumba iliyozama nusu katika mto wa msituni, mbali na bandari yoyote? Wengi wangeiacha. Wao hawakuiacha. Mafundi waliletwa kuitengeneza pale pale. Mwezi Julai walijaribu kuirusha, ikagonga jiwe jingine, ikatoboka tena. Ndipo walipoamua kuupandisha mto wenyewe: wakajenga bwawa la kuzuia maji ili mto ujae na mawe yafunikwe. Na nani aliyelijenga? Wanaume wa sehemu ile ya Kongo, kwa mikono na majembe, pamoja na barabara ya kufikisha vifaa. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi 10 tangu ianguke, Corsair iliruka kutoka kwenye maji ambayo watu hao waliyakusanya.

Kwa nini kuhangaika hivyo kwa ndege moja? Tazameni tarehe. Septemba 1939 vita vilikuwa vimeanza Ulaya. Kiwanda kilichotengeneza ndege za aina ile kilikuwa kimegeukia kutengeneza ndege za kijeshi, na kila iliyobaki ilikuwa mali isiyoweza kubadilishwa. Miezi 5 tu baada ya Corsair kuokolewa, sababu ya pili ilijitokeza, na hii ndiyo iliyoigeuza Kisumu kutoka kituo cha abiria matajiri kuwa kituo cha vita.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Fikirini ramani. Italia imesimama katikati ya Bahari ya Mediterania. Italia inashikilia Libya. Italia inashikilia Eritrea, Ethiopia na Somalia. Kwa siku moja njia ya anga kutoka Uingereza kwenda Misri ilikatika. Na je, ndege zilizokuwa upande huu wa Mediterania zilifanya nini? Zilibaki upande huu. Shirika jipya la serikali ya Uingereza, BOAC, lililokuwa limechukua kazi ya Imperial Airways mwezi Aprili mwaka huohuo, lilizikusanya na kuzipangia njia mpya: kutoka Durban kupanda pwani ya Msumbiji na Tanganyika hadi Mombasa, kuvuka bara hadi Kisumu, Port Bell, kushuka na Naili kupita Malakal na Khartoum hadi Cairo, kisha kugeuka mashariki kupitia Basra na Karachi hadi Calcutta, Rangoon, Singapore, na kutoka hapo hadi Sydney. Mkiichora, mtaona umbo la kiatu cha farasi, na ndivyo ilivyoitwa: Njia ya Kiatu cha Farasi. Safari zake zilianza mwezi huohuo wa Juni.

Nataka mlitafakari jambo hili. Tumezoea kuambiwa kwamba vita vile vilipiganwa kwingine na sisi tulikuwa pembezoni. Kwa habari ya njia hii, hapakuwa na pembezoni. London ndiyo iliyokuwa imekatwa. Kisumu ilikuwa juu ya uzi wenyewe. Bara zima lilikuwa limegeuzwa kuwa barabara: magharibi, ndege za kivita zilizofika kwa meli zilikuwa zikiunganishwa Takoradi katika Gold Coast, kisha zikirushwa kupitia Kano na Khartoum hadi Misri; na mashariki, barua za serikali, maofisa na vifaa vya haraka vilipita juu ya paa zetu.

Na hatari haikuwa mbali. Siku chache tu baada ya Italia kutangaza vita, Wajir ilipigwa mabomu. Mwezi Julai Waingereza waliondoka Moyale, na upande wa Sudan Waitalia waliingia Kassala. Ndege iliyoondoka hapa alfajiri kwenda Khartoum iliruka siku nzima huku Ethiopia ya Waitalia ikiwa upande wake wa kulia. Hali hiyo ilipungua mwaka 1941, Addis Ababa ilipokombolewa mwezi Aprili, na ikaisha Gondar iliposalimu amri Novemba 27 mwaka huo. Lakini mara tu mlango huo ulipofungwa, mwingine ukafunguka mashariki. Januari 30, 1942, moja ya ndege za aina hii, Corio, ilitunguliwa na Wajapani karibu na kisiwa cha Timor. Februari 15 Singapore ilianguka. Mkono wa mashariki wa kiatu cha farasi ukakatwa, na safari zikaishia Calcutta. Upande wetu ukaendelea kufanya kazi.

Nani alipanda ndege hizo? Niseme wazi, kwa sababu historia ya aina hii hupenda kupambwa. Askari wetu hawakuzipanda. Vijana waliotoka Nyanza, Kakamega, Nandi na kwingineko kwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikwenda kwa reli na meli. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikiwa na Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa kwa dakika chache. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilitoa kanuni, mwaka 1942, za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi kwa hoja kwamba mazao yale ni mahitaji ya vita. Mtu wa hapa alivijua vita kwa mgongo wake. Ndege alizijua kwa bega, alipobeba kilichoingia na kilichotoka.

Wazee wangu, hapo ndipo ninapofika nyumbani kwangu mwenyewe.

Mnaliona debe lililoko mezani hapa mbele. Nimelitoa kijijini jana. Babu yangu, baba wa baba yangu, alikuwa kibarua wa gatini wakati wa vita, na kazi yake ilikuwa kubeba na kupakia mizigo ya ndege kwenye mashua. Enzi hizo petroli na mafuta ya taa viliingia nchi hii katika madebe ya bati ya galoni 4, yaani takriban lita 18, na debe tupu lilikuwa mali. Hili alilileta nyumbani begani. Lichunguzeni kwa karibu baadaye. Kwenye kitako chake kuna herufi zilizogongwa katika bati. Sasa hazisomeki kwa macho, lakini ukipitisha kidole utazisikia. Mshono wake wa upande mmoja umelehemiwa upya mara mbili, na lehemu ya pili ni ya rangi tofauti na ya kwanza. Mpini wa mti uliopitishwa juu umelika katikati, umekuwa mwembamba pale palipokamatwa, na mkono uliolika hapo si wa babu. Ni wa nyanya yangu, kisha wa mama yangu.

Nyanya alipimia mahindi kwa debe hili sokoni Kibuye. Leo ukienda Kibuye utasikia watu wakitaja bei ya debe na bei ya gorogoro, na ni wachache wanaokumbuka kwamba debe lilianza kuwa chombo cha mafuta ya mtu mwingine kabla halijawa kipimo cha chakula chetu. Sisemi kwamba vita ndivyo vilivyotuletea debe, lilikuwapo kabla. Ninasema kwamba babu yangu hakuachiwa nishani wala cheti. Jina lake silioni katika karatasi yoyote. Kilichobaki cha miaka yake ya vita ni bati hili na bega lake la kushoto, ambalo hadi anazeeka lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia.

Alinisimulia machache. Alisema mashua ya mizigo ilipofika ubavuni mwa ndege, kazi ngumu ilikuwa kuizuia isigonge, kwa maana mashua hucheza na wimbi kwa namna yake na ndege hucheza kwa namna nyingine, na katikati yake kuna vidole vya mtu. Alisema magunia ya barua yalitangulizwa kuliko kitu chochote, hata mtu. Alisema pia kwamba siku ya kwanza kuiona ndege ikiinuka kutoka majini aliona maji yakimwagika kutoka tumboni mwake kama ng'ombe aliyetoka kuvuka mto. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 9, na tangu siku hiyo sijaweza kuifikiria ndege ile kwa mfano mwingine.

Kiwanja hiki kilikufaje? Watu wengi hudhani kilikufa kwa sababu vita viliisha. Naona ni kweli nusu. Sababu ya ndani zaidi ni kwamba vita vyenyewe vilikiondolea maana yake. Nilisema awali kwamba maji yalichaguliwa kwa sababu hapakuwa na njia ndefu za kurukia nchi kavu. Miaka 6 ya vita ilibadilisha hilo. Majeshi yalijenga viwanja kila mahali kwa sababu ndege za mabomu na za mizigo hazikuweza kungoja, na vita vilipoisha dunia ilikuwa imejaa viwanja virefu na ndege za magurudumu zilizobaki, Dakota zikiwa za kwanza. Ndege ya nchi kavu haihitaji motaboti, haihitaji boya, haipasuliwi na gogo, wala tumbo lake haliliwi na kutu ya maji ya chumvi. Mwaka 1947 zile za herufi C zilitolewa katika njia ya Cairo hadi Durban, na Corsair, ile ya mto Dungu, ilikuwa miongoni mwa zilizodumu hadi mwisho huo. BOAC ilijaribu tena kwa ndege kubwa zaidi zilizopita Port Bell kuelekea kusini, lakini Novemba 1950 ikaachana na ndege za majini kabisa.

Maboya yaliondolewa. Wavuvi wakarudi kwenye njia yao. Leo uwanja wetu wa kimataifa uko nchi kavu kando ya ziwa lilelile, una njia ya lami ya zaidi ya kilomita 3, na abiria anayekaa dirishani huona, kwa nusu dakika kabla ya magurudumu kugusa, maji ambayo wenzake wa mwaka 1940 waliyatumia kutulia. Wala ndege ya zamani isingeweza kurudi hata ikifufuliwa: tangu miaka ya 1990 gugu maji limekuwa likiifunika ghuba hii kwa misimu, na jani lile lingefanya kazi ya magogo elfu.

Ombi langu kwenu si kubwa. Natamani tuweke alama ufukweni, jiwe moja lenye maandishi kwa Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, lisemalo kwamba maji haya yalikuwa kiwanja cha ndege na kwamba watu wa hapa ndio walioyasafisha, waliobeba na waliopisha. Nataka neno "waliopisha" liwemo. Na ninyi wanafunzi, msingoje jiwe. Nyumbani kwenu kuna bibi wa miaka 90 ambaye alikuwa binti mdogo ndege hizo zilipokuwa zikitua. Simu mliyonayo mfukoni inarekodi sauti. Mwulizeni motaboti ilikuwa na bendera ya rangi gani, kwa maana mzee wangu wa Usoma hakunieleza, na mimi, kwa ujana, sikumuuliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Jaduong', mzee wetu aliyeketi hapa mbele, amekubali kutuongoza hadi mahali ambapo baba yake alikuwa akifunga mtumbwi, akitazama ndege zikifungwa kwenye maboya. Tutaondoka saa 10 alasiri, na wenye viatu vya wazi wawe waangalifu kwa sababu mvua ya jana imeacha tope. Debe litabaki mezani mpaka wakati huo. Ligeuzeni, mpitishe kidole kwenye kitako, na kama kuna mwenye macho makali kuliko yangu anayeweza kuzisoma herufi zile, aniambie.

Asanteni sana.